Jibu Nililokupa Alipofariki Bi Somoe

Rutamba, Jumapili alasiri

Editha binti yangu,

Uko Mingoyo kwa shangazi yako tangu jana, na jioni hii utarudi kufunga mizigo. Mama yako yuko uani anakukaangia korosho za safari. Mimi nimekuja kuandikia hapa kanisani, benchi la nyuma, maana nyumbani kila nikishika kalamu ananiuliza naandika nini. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na watu wanaojitolea kukubebea begi kituoni ameshakueleza yeye, tena zaidi ya mara moja. Mpanda sijawahi kufika, na kazi ya uuguzi siijui. Huko sina la kukufundisha.

Ninalo jambo moja lililotokea hapahapa ulipokuwa na miaka tisa, na la pili lililotokea ulipokuwa na kumi na miwili. La kwanza unalijua, lakini hatujawahi kulizungumza. La pili hulijui lote. Nilitaka nikuambie kwa mdomo. Nimejaribu juzi na jana asubuhi, nikaishia kukuuliza kama viatu vipya vinakubana.

Alhamisi nilikuwa nyuma ya nyumba nachonga mpini wa jembe, ninyi mkiwa jikoni. Nilikusikia ukimwambia mama yako, "Nikifika huko sijiandikishi kwenye jumuiya yoyote ya kanisa, Mama. Nimechoka kujifanya."

Mama yako akauliza, "Umemwambia baba yako?"

Ukacheka kidogo. "Baba haambiwi. Baba anajibu."

Nilisimama pale na mpini mkononi. Nikuambie ukweli: kabla sijauweka chini nilikuwa tayari na mistari minne ya Biblia kichwani, na wa tano unakuja. Nilikuwa nimeshafika karibu na mlango wa jikoni ndipo nikajiona. Nilikuwa nakwenda kufanya kitu kilekile ulichotoka kusema. Nikarudi nyuma ya nyumba. Mpini sikuumaliza.

Nianze na Bi Somoe.

Tulipohama Newala kuja Rutamba ulikuwa na miezi minne. Hatukuwa na ndugu hapa. Mama yako aliugua wiki ya pili tu, homa kali, maziwa yakakata. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, katekista mpya wa kigango, najua sala za wagonjwa zote lakini sijui mtoto mchanga anabebwaje. Bi Somoe, mke wa Mzee Hassani wa nyumba ya jirani, aliingia bila kuitwa, akakutoa mikononi mwangu, akasema, "Mwalimu, wewe kamuuguze mkeo. Huyu niachie." Alikuachilia umrudie mama yako baada ya wiki tano. Na kwa kweli hakukuachilia kabisa. Ulikulia kwenye mkeka wake. Alipokuwa akiswali alasiri ulikuwa unasubiri ainame ndipo umpande mgongoni. Akimaliza anasema, "Leo nimeswali na mzigo," nawe unacheka mpaka unaanguka.

Miaka hiyo nilikuwa nakwenda kwenye mihadhara pale njiapanda ya Mingoyo. Wanafunga vipaza sauti, Wakristo upande huu, Waislamu upande ule, kila mtu na kitabu chake, tunaulizana maswali ya kuangushana. Nilikuwa hodari. Watu walinipigia makofi. Siku moja narudi kwa baiskeli nimejaa furaha, Bi Somoe akanisalimu kutoka barazani kwake. "Nasikia umeshinda, mwalimu."

"Nimeshinda, bibi."

"Haya. Ulichoshinda kiko wapi, tule?"

Nilicheka, nikapita. Nilidhani ni mzaha wa bibi asiyesoma.

Alifariki wakati wa masika, mwaka ule ulipokuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Alizikwa siku ileile. Jumamosi yake ulikuja darasani na watoto wenzako, macho yamevimba. Mimi nikafungua kijitabu cha maswali na majibu kama kila Jumamosi. Nilipouliza nani ana swali, ulinyoosha mkono. Nilikuwa nimekufundisha kwamba darasani mimi si baba yako, kwa hiyo uliniita kama wenzako.

"Mwalimu, Bi Somoe yuko wapi sasa?"

Editha, nilikuwa na nafasi ya kusema mambo mengi. Ningeweza kusema hata mimi nililia. Lakini siku hiyo mwenyekiti wa halmashauri ya parokia alikuwa amekuja kukagua vigango, amesimama mlangoni na daftari lake. Nilijibu kwa ajili ya mlango. Nilisema, "Asiyebatizwa haingii mbinguni. Bi Somoe hakubatizwa. Jibu unalo."

Ulishusha mkono. Kisha ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi na mimi nitakwenda aliko yeye."

Watoto walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Nikakuita mbele, nikakuchapa fimbo mbili za mkononi, nikakufuta kwenye orodha ya Komunyo ya mwaka ule. Mama yako alikuwa ameshashona gauni jeupe. Siku wenzako walipopokea ulikaa benchi hili hili nililokalia sasa, na gauni lako la bluu la shule, ukiangalia sakafu. Mwaka uliofuata ulipopokea, lile jeupe lilikuwa linakubana kwapani, na mama yako akaliongeza kitambaa ubavuni ambacho hakikufanana rangi. Kila nilipokiona kile kitambaa nilijua. Sikusema.

Tangu siku hiyo hukuniuliza tena. Ulikariri kila jibu. Askofu alipokuja kwa ajili ya Kipaimara alikuuliza maswali sita, ukayajibu bila kusita, akanigeukia akasema, "Mwalimu, huyu umemlea." Nilijivuna wiki nzima. Kumbe mtoto alikuwa amejifungia ndani, na mimi nilikuwa nasifiwa kwa uzuri wa mlango.

Mara moja tu ulifungua kidogo. Ulikuwa kidato cha pili, umerudi likizo kutoka Lindi. Ulisema rafiki yako Rukia amekuuliza inawezekanaje Mungu awe na mwana, na kama sisi tunaabudu miungu watatu. Nilikuchukulia kijitabu, nikakuonyesha ukurasa, nikasema, "Mpe hiki." Ulisoma mistari miwili, ukasema, "Nashukuru, Baba," ukakifunga. Swali halikuwa la Rukia, lilikuwa lako. Nimelielewa hilo mwaka huu.

Sasa la Kosmasi.

Unakumbuka kwamba mdogo wako alizaliwa kabla ya wakati, akafa hospitalini Lindi, tukamleta kumzika hapa. Unakumbuka kwamba mimi sikuwepo alipozaliwa. Uliambiwa nilikuwa nimekwenda kwenye shughuli za kanisa. Nilikuwa Mingoyo kwenye mhadhara. Mama yako aliniambia asubuhi kwamba mgongo unamuuma na nisiende mbali. Nikasema nitarudi mapema. Simu niliizima, kwa sababu mtu anayehutubia hapokei simu. Mwajuma, binti wa Bi Somoe, ndiye aliyetafuta gari, ndiye aliyempeleka mama yako Lindi, ndiye aliyekuwa kando yake Kosmasi alipozaliwa.

Aliishi muda mfupi sana, chini ya saa moja. Muuguzi aliwaambia wazi kwamba hatapona, kisha akaitwa kwa mama mwingine aliyekuwa anavuja damu. Mama yako alikuwa hawezi hata kuinua kichwa. Alijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha, kwamba mtoto akiwa hatarini mtu yeyote anaweza kumbatiza, si lazima padre, hata asiye Mkristo. Akamwambia Mwajuma, "Chukua maji. Mmwagie kichwani useme maneno nitakayokuambia."

Mwajuma alichukua chupa yake ya maji ya kunywa. Aliposikia maneno yenyewe, ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, akasita. Akasema, "Mama Editha, nakupenda, lakini hayo siwezi kuyatamka. Dini yangu hainiruhusu. Maji nitamwaga. Maneno sema wewe."

Ndivyo walivyofanya. Mwajuma akamwaga maji mara tatu, mama yako akasema maneno kutoka kitandani, kwa sauti ambayo Mwajuma anasema ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeota.

Nilifika jioni. Mama yako alinisimulia yote, hatua kwa hatua, akinitazama usoni. Kisha akauliza, "Amebatizwa, si ndiyo? Mwanangu yuko wapi sasa, Baba Editha?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikakumbuka kanuni. Kanuni inasema anayemwaga maji ndiye anayetamka maneno. Lazima awe mmoja. Mikono ya huyu na kinywa cha yule, haihesabiki. Nilikuwa nimewafundisha watu hivyo miaka kumi na miwili. Sikuisema. Nilisema, "Amebatizwa." Lakini nilichelewa. Labda pumzi tatu tu, na mama yako alikuwa ameishi na mimi muda wa kutosha kujua pumzi tatu zangu zina maana gani. Aligeuza uso ukutani. Alikaa hivyo siku mbili.

Tulimzika Kosmasi kwa sala zote. Nilivaa kanzu, nikanyunyiza maji ya baraka, nikaimbisha. Ulikuwa umesimama upande wa pili wa kaburi karibu na Mwajuma, umeshika kanga yake. Nilipoinua macho nilikukuta unanitazama. Hukuwa unalia. Nilijua unachouliza: kama jibu nililokupa la Bi Somoe ni la Kosmasi pia. Nikatazama kitabu.

Nadhani hapo ndipo uliponifunga, si siku ya fimbo. Siku ya fimbo uliona baba mkali. Siku ya Kosmasi uliona baba ambaye jibu lake ni la watoto wa wengine.

Wiki iliyofuata nilipanda baiskeli kwenda parokiani kwa padre mzee, yule aliyefariki ukiwa chuoni. Nilimweleza kuhusu maji na maneno, nikamuuliza kama ubatizo ule ulihesabika. Alikuwa anamenya muhogo. Hakuacha kumenya.

"Anselmi, unaniuliza kwa ajili ya daftari la ubatizo au kwa ajili ya mtoto?"

"Kwa ajili ya mtoto, Padre."

"Basi kwa daftari sijui niandikeje. Kwa mtoto sina wasiwasi. Kanuni tumewekewa sisi, tusije tukapotea. Mungu hapotei."

Kisha akaniuliza kama nimewahi kusoma kitabu cha Ayubu chote. Nikasema ndiyo. Nilidanganya. Nilikuwa najua mistari miwili ya Ayubu, ile ya misibani, kama kila katekista.

Nilikisoma mwezi ule, alasiri baada ya alasiri, kwenye benchi hili. Kuna rafiki watatu wanaokuja kumfariji Ayubu. Wanakaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo wanafanya vizuri. Halafu wanafungua midomo. Wanaeleza kwa nini Mungu amefanya hivi, nani amekosa, kanuni ikoje. Nilikuwa nakubaliana nao, Editha! Kila walichosema ningeweza kukihubiri. Ayubu analalamika, anamgombeza Mungu, anaulizauliza. Nilipofika mwisho nikakuta Mungu amewakasirikia wale waliomtetea, na Ayubu mlalamikaji ndiye anaambiwa amesema sawasawa. Nilirudia ukurasa ule mara tatu nikidhani nimeruka mahali. Kitabu hicho kilikuwa ndani ya Biblia yangu siku zote nilizoinua Biblia ile mbele ya vipaza sauti.

Mingoyo sikwenda tena. Walinitumia watu, nikasema mgongo unaniuma.

Sasa utaniuliza, Baba, kama uliyajua haya tangu wakati ule, kwa nini hukuniambia? Hilo ndilo linalonitesa kuliko yote. Nilibadilika peke yangu, kimyakimya, kama mtu anayehama nyumba bila kuwaambia wanawe. Niliwafundisha watoto wengine kwa upole ambao wewe hukuupata. Niliona haya. Nilidhani baba akimwambia mtoto "nilikosea" kuna kitu kinaanguka ambacho hakiwezi kusimamishwa tena. Miaka kumi na moja nimelinda kitu hicho, na Alhamisi jikoni nimesikia kwamba kilishaanguka zamani na mnakiruka mkipita.

Nikuambie basi ninayoyajua sasa, na ni machache kuliko niliyoyajua nikiwa na miaka thelathini.

La Rukia. Tunaposema Mwana hatusemi Mungu alioa, hilo Rukia ana haki ya kulikataa na mimi nalikataa naye. Tunasema ukitaka kujua Mungu yukoje, mtazame Yesu anavyowashika wenye ukoma, anavyolia kaburini kwa rafiki yake kabla ya kumwita atoke. Kuhusu Utatu wenyewe, nimeufundisha miaka ishirini na mitatu na sijauelewa. Nasali ndani yake, kama ninavyopumua bila kujua pumzi inafanyaje kazi. Wewe muuguzi utajua la pumzi. La Utatu hutalijua zaidi yangu.

Uliwahi kumuuliza mama yako kwa nini Injili ni nne na hazisemi sawa. Kumbuka moto ulioingia kwenye mikorosho ya Mzee Hassani. Yeye akisimulia anataja kila mti kwa umri wake. Mama yako anasimulia watoto tulivyowakusanya. Mwajuma hakosi kumtaja mbuzi aliyerudi motoni. Mimi nasema upepo ulitoka wapi. Hakuna aliyedanganya, na moto ulikuwa mmoja. Kama tungesimulia neno kwa neno sawa, ungejua tumekaa kikao.

Na Biblia yenyewe usiisome kama nilivyokuwa naisoma, kuokota mstari na kumrushia mtu. Ndani yake wanazungumza watu wengi, wafalme na wafungwa, wajane, watu wenye hasira wanaomwomba Mungu awavunje meno adui zao. Kabla hujaushika mstari uliza nani anasema, anamwambia nani, na ameamkaje siku hiyo. Zipo sehemu ambazo bado zinanitisha. Ibrahimu na kisu juu ya mwanawe, kwa mfano. Nimesoma maelezo mengi, hakuna hata moja linalonifanya nilale vizuri. Zamani nilikuwa naruka ukurasa ule. Sasa nausoma na kukaa nao.

Kwa nini Kosmasi hakupona, sijui.

Bi Somoe yuko wapi? Miaka kumi na minne nimechelewa, lakini nikujibu. Sijui kwa macho. Ninachojua ni kwamba Yesu alipoisimulia siku ya mwisho, hakuna aliyeulizwa swali hata moja la kijitabu changu. Waliulizwa njaa, kiu, ugonjwa, ugeni. Sisi tulikuwa wageni, mama yako alikuwa mgonjwa, na wewe ulikuwa na njaa, na ninajua ni nani aliyeingia bila kuitwa. Sisemi haya ili nimgeuze Bi Somoe kuwa Mkristo baada ya kufa. Alikuwa Mwislamu na alijua anakwenda kwa nani. Nasema tu kwamba nilimfungia mlango ambao funguo zake sikupewa mimi. Hata bibi yangu mwenyewe kule Newala, aliyenilea, aliyemwita Mungu Nnungu mpaka anakufa, hakuwahi kubatizwa. Na yeye sikuwahi kumuulizia mahali alipo. Niliogopa jibu langu mwenyewe.

Ijumaa nilikwenda kwa Mwajuma. Nilipiga hodi, nikamkuta anachambua mchele, baba yake Mzee Hassani amelala barazani. Nilimwambia nimekuja kwa neno nililosema juu ya marehemu mama yake. Nilianza kulieleza. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nalijua, mwalimu. Editha alikuja kuniambia siku ileile, mikono imevimba."

Nikapiga hesabu. "Basi ulikuwa unalijua siku ya Kosmasi?"

"Nilikuwa nalijua."

"Na bado ulimwaga maji?"

Akaendelea kuchambua mchele. "Aliyeniomba ni Mama Editha. Hukuwa wewe."

Nilitaka kupiga magoti, akaniambia niache, Mzee ataamka aogope. Akanipa kigoda. Nikakaa. Baadaye sana akasema, "Mimi nilikuwa naogopa kitu kimoja tu siku ile. Maji yalikuwa ya baridi, na mtoto alishtuka." Akafuta macho kwa kiwiko. Miaka yote hiyo yeye amebeba kwamba maji yalikuwa ya baridi. Mimi nilibeba kama yalihesabika.

Utakwenda kufanya kazi pale wanawake wanapojifungua, mwanangu. Atakuja mama mmoja, dini yoyote, akuulize mtoto wake yuko wapi. Nilitaka uwe na jibu. Sasa natamani tu usichelewe kwa pumzi tatu kama mimi. Mshike mkono kabla hujafikiri. Kama huna la kusema, usilitafute.

Na hili la kanisani: sikuandikii ili ujiandikishe jumuiya. Kama umechoka kujifanya, acha kujifanya. Ningependa tu, ukiacha, uwe umemwacha Mungu mwenyewe na si mimi niliyekuwa nimesimama mbele yake.

Asubuhi hii padre hakuwa na zamu kwetu, kwa hiyo niliongoza ibada. Baada ya masomo, badala ya mahubiri, niliwaambia watu. Nilisema mwanangu aliniuliza swali akiwa na miaka tisa, nikampa jibu la uongo na fimbo mbili, na kwamba nimekuja kuliondoa jibu lile hadharani kama nilivyolitoa hadharani. Wanaume walitazama chini. Nilidhani yamekwisha, nikataka kuanzisha sala za waamini.

Mama Donata akasimama. Unamjua, yule wa mwisho wa kijiji, anayeuza ufuta, asiyesema kitu kwenye mikutano. Akasema, "Mwalimu, mimi nilizaa wawili waliokufa. Ulikataa kuwasalia. Uliniambia hawakubatizwa, tuwazike wenyewe kimya. Mume wangu aliwazika nyuma ya nyumba kama paka. Sasa unasema jibu lilikuwa la uongo. Hao wangu, mwalimu, walikuwa wapi miaka yote hii?"

Nilikuwa nimewasahau. Nakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Uso wako uliokaa benchi la nyuma na gauni la bluu niliukumbuka kila Jumapili. Wanawe wawili nilikuwa nimewasahau kabisa.

Nilitoka mbele, nikaenda upande wa wanawake, nikakaa chini sakafuni karibu na miguu yake. Mama yako akaja akakaa upande wa pili. Ibada haikuendelea. Watu walikaa tu, hata watoto, mpaka jua likageuka dirishani. Alipokuwa tayari kuondoka Mama Donata aliniambia majina yao. Alikuwa amewapa majina. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Jumatano tutakwenda nyuma ya nyumba ile na jembe na maua na kitabu cha sala, mimi na mama yako na yeye. Mwajuma amesema atakuja. Wewe utakuwa njiani au umeshafika. Kama ungekuwepo, ningekuomba utangulie mbele yetu sote, kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza kwanza.

Ni mimi, baba yako,
Anselmi